Kasri la Njoro na Chuo Kilichozaliwa Jirani Yake

Mwaka 1939 kazi ya mawe ilikuwa imekwisha kuanza Njoro, kwenye nyanda za baridi magharibi ya Nakuru, Kenya. Lilikuwa likijengwa jumba la mawe ambalo mwishowe lilifikisha vyumba 52, la mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Mwaka huohuo, kilomita chache kutoka hapo, mwenye jumba alitoa ekari 740 ianzishwe shule ya kilimo. Jumba lilianza kujengwa 1938 na kukamilika 1954, kwa kuwa vita kuu ya pili iliichelewesha kazi. Mwenyewe alifariki Januari 1958, kabla hajamaliza miaka minne ndani yake. Shule ile leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, na jumba liko chini ya uangalizi wake.

Historia ya chuo hiki kwa kawaida husimuliwa kuanzia shule. Mimi naianzia kwenye nyumba na bustani, tena nyumba mbili, ya Njoro na ile ya Uingereza iliyoizaa, kwa sababu humo ndimo unapoonekana moyo wa mtu aliyekianzisha chuo, na pia upungufu wa alichokianzisha. Naiandika nikiwa Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, mji ambao nao una vyuo, una boma la enzi za wakoloni, na una jirani yake Heru Juu, makao ya Mwami, yaani chifu, wa Heru. Majengo hayo yana historia ambayo wengi wetu hatujaiweka kwenye karatasi.

Mwenye jumba la Njoro, Maurice Egerton, alizaliwa mwaka 1874 katika ukoo wa Egerton wa Tatton, jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Ukoo huo ulikuwa umeishika ardhi ya Tatton tangu mwisho wa karne ya 16. Nyumba inayoonekana hapo leo si ya zamani hizo. Ilianza kujengwa upya mwishoni mwa karne ya 18 kwa michoro ya msanifu Samuel Wyatt, na baada ya kifo chake ikamaliziwa na mpwa wake, Lewis William Wyatt, mwanzoni mwa karne ya 19. Ni jengo la mtindo uliokuwa ukipendwa na matajiri wa wakati huo: mistari iliyonyooka, nguzo ndefu mbele kama za mahekalu ya Wagiriki na Warumi, ukumbi wa kupokea wageni, sebule ya muziki, maktaba, chumba cha kulia, na upande wa pili jiko, stoo na makazi ya watumishi. Ndani ya nyumba za namna hii kulikuwa na njia mbili, ya mabwana na ya watumishi, ili chakula kifike mezani na kuni zifike mekoni bila aliyezileta kukutana na mgeni. Mpangilio wa vyumba ulikuwa ni mpangilio wa watu.

Bustani yake ina historia ndefu kuliko kuta. Mwaka 1791 mwenye Tatton alimwita Humphry Repton, msanifu wa bustani aliyekuwa akianza kupata jina. Repton alikuwa na utaratibu wake: alimwandalia kila mteja kitabu chenye jalada jekundu, ndani yake michoro ya rangi yenye vipande vya karatasi vinavyofunuliwa. Ukikiacha kipande kilivyo unaiona ardhi ya sasa, ukikifunua unaiona ardhi itakavyokuwa baada ya kazi yake. Mti umehamishwa, ziwa limenyooshwa, kilima kimelainishwa, na yote yanaonekana kana kwamba Mungu ndiye aliyeyaweka hivyo. Huo ndio ulikuwa ustadi wa Waingereza katika bustani: kufanya kazi kubwa ya majembe na mikokoteni kisha kuificha kazi yenyewe.

Katika ushauri wake wa Tatton mlikuwa na jambo moja lililomletea Repton kejeli. Alipendekeza nembo ya ukoo iwekwe kwenye mawe ya kuonyesha maili njiani, ili kila apitaye ajue anapita katika himaya ya nani. Mwandishi Richard Payne Knight alimcheka hadharani kwa pendekezo hilo mwaka 1794. Mimi namshukuru Repton kwa kulisema waziwazi. Bustani kubwa ya namna ile haikuwa pambo tu, ilikuwa pia hati ya umiliki iliyoandikwa kwa miti na njia, na msomaji akilishika hilo ataielewa Njoro kwa urahisi zaidi.

Vizazi vilivyofuata viliongeza kila kimoja cha kwake. Lewis Wyatt alijenga nyumba ya vioo ya kuoteshea mimea ya nchi za joto. Joseph Paxton, yuleyule aliyebuni jumba la vioo la maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, alibuni bustani ya Kiitaliano yenye matuta na ngazi mbele ya nyumba. Kisha mwaka 1910 yalifanyika London maonyesho ya Japani na Uingereza, na Alan Egerton, baba yake Maurice, akarudi akiwa amevutiwa. Kati ya 1910 na 1913 akatengeneza Tatton bustani ya Kijapani, yenye daraja, mawe, taa za mawe na hekalu dogo la Kishinto. Wanaojua bustani huihesabu miongoni mwa bustani bora za Kijapani barani Ulaya. Maurice basi alirithi mahali ambapo dunia nzima ililetwa nyumbani: Italia mbele ya dirisha, Japani nyuma ya miti, Afrika na Amerika ndani ya vioo.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa sebuleni. Alikuwa na gari aina ya Benz la mwaka 1900, akawa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kurusha ndege: cheti chake cha urubani cha mwaka 1910 ni namba 11 kutolewa na klabu ya anga ya nchi yake. Alijuana na ndugu Wright wa Marekani, waliotengeneza ndege ya kwanza ya injini iliyoruka. Alipiga picha, aliwinda, alisafiri. Mwaka 1920 baba yake alifariki, naye akawa Lord Egerton wa nne wa Tatton. Tangu hapo maisha yake yaligawanyika kati ya Cheshire na Kenya.

Njoro aliyoifikia haikuwa ardhi tupu, na historia ya taasisi yoyote ya pale ikiliruka jambo hili inakuwa pungufu. Bonde la Ufa kati ya Naivasha na Nakuru lilikuwa malisho ya Wamaasai. Mkataba wa 1904 uliwaondoa wengi wao na kuwapeleka Laikipia, na mkataba wa 1911 ukawahamisha tena kutoka Laikipia kwenda kusini. Lord Delamere, mlowezi ambaye naye alitoka Cheshire, alipewa ekari 100,000 za Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Walowezi wakamfuata, na Egerton akawa mmoja wao. Pale Tatton ukoo ulichukua zaidi ya miaka 300 kuiunda ardhi kwa sura yao. Njoro kazi hiyo ilifanywa katika umri wa mtu mmoja.

Nyumba yake ya kwanza Njoro ilikuwa ndogo. Simulizi inayorudiwa zaidi na waongoza wageni ni kwamba alimpenda mwanamke kutoka Austria, akamleta aione nyumba, na mwanamke akaifananisha na banda la kuku. Kwa uchungu akaanza kujenga kasri, na lilipokuwa likipanda mwanamke akaolewa na mwingine, naye Egerton akapiga marufuku wanawake kukanyaga kwake. Simulizi hii ndiyo inayojaza magari ya wageni siku za wapendanao. Mimi naipa uzito mdogo. Mtu aliyerithi Tatton hakuhitaji kutukanwa na yeyote ili atamani Tatton nyingine. Ukilitazama jumba lenyewe unaiona kiu ya mtu aliyetaka kuamka Afrika na kufungua dirisha la Cheshire.

Limejengwa kwa mawe yaliyochongwa, kuta nene, madirisha marefu yaliyopangwa kwa ulinganifu. Marumaru ililetwa kutoka Italia na mbao za mwaloni kutoka Uingereza. Ndani mna ukumbi wa dansi wenye kinanda cha mabomba, kama vile vya makanisa makubwa, mna maktaba, vyumba vya kulala vya wageni, meko za kuotea moto, na chumba cha giza cha kusafishia picha. Nje kuna njia ndefu ya miti, nyasi zilizonyooshwa na maua. Yaani kila kiungo cha jumba la shambani la Kiingereza kipo, isipokuwa kile kilichoyapa majumba yale uhai: familia inayorithi, wapangaji wanaokuja kwenye karamu, majirani wa miaka mia mbili. Ukumbi wa dansi ulijengwa na mtu aliyeishi peke yake.

Kama ubunifu, nauhukumu hivi. Meko zina maana, kwani Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku wake unatetemesha, kama tunavyojua sisi wa nyanda za juu za Kigoma asubuhi za mwezi wa saba. Kazi ya mawe ni safi na imesimama vizuri. Lakini jumba halizungumzi na mahali lilipo. Wako waliojenga nyumba kubwa katika ukanda wetu kwa kusikiliza zaidi. Ikulu ya Dar es Salaam ilijengwa na Wajerumani kwa ajili ya gavana wao, ikapigwa mizinga na manowari za Waingereza mwishoni mwa 1914, na mwaka 1922 ikasimamishwa upya kwa michoro ya John Sinclair, msanifu aliyekuwa amefanya kazi Zanzibar. Sinclair aliweka matao na baraza pana zinazopokea upepo wa bahari, akazitazama nyumba za pwani kabla ya kuchora yake. Hata mgeni akiipita leo haoni kitu kilichopotea njia.

Na ng'ambo ya kusini ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, kuna Shiwa Ng'andu. Huko Stewart Gore-Browne, Mwingereza aliyefika mara ya kwanza na tume ya kupima mpaka kabla ya vita kuu ya kwanza, alianza miaka ya 1920 kujenga nyumba yake ya ndoto. Nayo ni nyumba ya Kiingereza yenye bustani za ngazi na mtazamo wa ziwa, lakini matofali na vigae vyake vilifyatuliwa na kuchomwa palepale kwa udongo wa palepale. Sisi tunaojenga kwa tofali la kuchoma, tanuri likiwaka moshi pembeni ya kiwanja, tunaweza kuitazama nyumba ile na kuona udongo ukikubali kazi. Gore-Browne alifariki 1967, na Rais Kaunda akampa mazishi ya kitaifa. Sisemi hayo kufuta ubwana wake juu ya waliomfanyia kazi. Nasema mawazo ya nyumba mbili za walowezi yanaweza kutofautiana, na kuta zikatoa ushahidi.

Kuna mikono nyuma ya mawe ya Njoro. Simulizi za kasri humtaja mwenye nyumba kwa vyeo vyake vyote, nao wachonga mawe na waashi hutajwa kwa jumla tu. Jambo hilo linatugusa sisi wa Buha, nchi ya Waha, moja kwa moja. Miaka ileile jumba lile lilipokuwa likipanda, vijana wa Kasulu na Kibondo walikuwa wakiondoka makwao kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kama manamba. Serikali ya mkoloni iliiacha Kigoma iwe chimbuko la nguvu kazi badala ya kuipa mazao na barabara, na tangu 1944 SILABU, ofisi ya kuajiri ya wenye mashamba ya mkonge, ilifanya uandikishaji huo kuwa mfumo. Babu zetu walijenga utajiri na nyumba za watu wengine mbali na kwao, wakarudi na blanketi, baiskeli wenye bahati, na wengine hawakurudi.

Sasa shule. Egerton Farm School ilianzishwa 1939 ili kuwaandaa vijana wa Kizungu kuwa wakulima. Hilo lisemwe bila kulizungusha: taasisi tunayoisimulia ilianza kwa kuwafungia mlango wenyeji wa nchi. Majengo yake hayakuwa na marumaru. Yalikuwa madarasa, mabweni, mazizi, karakana na mashamba ya mafunzo. Kufikia 1955 ilikuwa imekuwa Egerton Agricultural College, ikitoa cheti cha mwaka mmoja na stashahada ya miaka miwili. Mwaka 1958, mwaka wa kifo cha mwanzilishi, eneo liliongezwa ekari 1,100 kutoka kwake. Baada ya hapo milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, kutoka Kenya na nchi nyingine za Afrika. Ardhi iliyotolewa kwa ajili ya watoto wa walowezi ikaanza kufundisha maafisa wa kilimo wa nchi huru. Mwaka 1986 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na 1987 sheria ya Bunge la Kenya ikakifanya chuo kikuu kamili.

Kutoka hapo historia inakwenda kasi. Laikipia, Kisii na Chuka, ambavyo vyote vilianza chini ya mbawa za Egerton, vilipata hati zao na kuwa vyuo vikuu vinavyojitegemea mwaka 2013. Taasisi ya Tegemeo, iliyo chini ya Egerton, imekuwa miongoni mwa sauti zinazosikilizwa Kenya katika sera za chakula na kilimo. Chuo kina bustani ya mimea ya kufundishia na kutunzia, ambayo naiona ndiyo bustani ya kweli ya urithi wa Egerton. Bustani ya Tatton ilipangwa itazamwe, na ile ya chuo mwanafunzi huinama akagusa udongo.

Na Tatton? Maurice alikuwa wa mwisho. Hakuacha mrithi, cheo kikafa naye, na nyumba yake ya Cheshire akaiachia National Trust, shirika linalotunza urithi wa Uingereza. Wakati wa vita kuu ya pili askari wa miavuli walifanya mazoezi ya kuruka katika uwanja wake, na leo hufika watu wa kawaida na watoto wao, tiketi mkononi, wakipita ukumbini palipokuwa pa mabwana peke yao. Nyumba zote mbili, basi, zimeishia mikononi mwa umma. Tatton imeishia humo kwa wosia, Njoro kwa mkondo wa uhuru. Inayotunzwa kwa fedha nyingi zaidi ni ya Cheshire. Kasri la Njoro huishi kwa ada za wageni, harusi na mandari, na jengo la mawe lenye vyumba 52 linakula fedha kila msimu wa mvua. Kenya ingekosea kuliacha lioze kwa sababu ya asili yake. Darasa la historia ya ardhi ya Bonde la Ufa linaweza kufanyika ndani ya ukumbi ule wa dansi vizuri kuliko mahali pengine popote, mradi wanaolionyesha wawataje Wamaasai kwa uzito uleule wanaompa yule mwanamke wa Austria.

Tunajua mengi kuhusu Tatton kwa sababu kitabu chekundu cha Repton kilitunzwa, michoro ya akina Wyatt ikatunzwa, hesabu za shamba zikatunzwa. Kwetu nyumba za wakubwa zilikuwa misonge ya miti na nyasi ndani ya uzio wa rugo. Kilikuwa kipaji halisi cha ujenzi, chenye kanuni zake za lango, ua wa ng'ombe, mahali pa wageni na mahali pa wenyewe. Nyasi hazidumu kama mawe, kwa hiyo zinahitaji maandishi zaidi ya mawe. Mwami Theresa Ntare alitawala Heru tangu 1946, akaingia katika Bunge la Tanganyika, na makao ya mamlaka yake yalikuwa Heru Juu, mwendo mfupi kutoka mjini kwetu. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na tangu hapo nyumba zile zimebaki kutegemea kumbukumbu za wazee.

Walimu na wanachuo wa Kasulu na Kabanga, kazi hii ni yenu. Nendeni Heru Juu, nendeni kwenye maboma ya Kasulu na Kibondo, pimeni kuta, choreni ramani ya ua na miti, pigeni picha, na mwulizeni mzee aliyebaki nani alifyatua tofali na nani aliezeka. Andikeni majina ya mafundi kwanza, ya wakubwa baadaye. Kisha nakala moja iwekwe maktaba ya chuo na nyingine ofisi ya halmashauri, mahali ambapo mtu wa mwaka 2100 ataweza kuikuta.